Kitu Kilichomo Mkobani

Ndugu msomaji, usinicheke mapema. Wenzangu katika jarida letu hili dogo wakishika kalamu huandika juu ya umaskini, juu ya dini, juu ya mapenzi yaliyovunjika, nami leo nimekuja na mchezo wa kompyuta. Tena mchezo wenyewe ni wa zamani, wa mwaka 1995, wenye picha za miraba miraba ambazo mdogo wangu alipoziona aliniuliza kama kioo kimeharibika. Lakini ndani yake nimekuta swali lililonikaba koo na halijaniachia. Mtu akikuambia, nikifa usinirudishe, nawe ukamwahidi, kisha akafa mbele yako na uwezo wa kumrudisha unao mkononi, ufanyeje?

Mchezo wenyewe unaitwa The Dig, na uliundwa na kampuni ya LucasArts ya Marekani. Wazo la kwanza lilikuwa la Steven Spielberg, yule yule wa sinema, ambaye alilikusudia liwe hadithi moja katika mfululizo wake wa televisheni ulioitwa Amazing Stories, ila likaonekana lingekula fedha nyingi mno. Kazi ya kuligeuza kuwa mchezo ilianza mwaka 1989, ikapita mikononi mwa viongozi kadhaa, mpaka Sean Clark akaja kuimaliza. Katika mazungumzo ya wahusika alitia mkono mwandishi wa riwaya Orson Scott Card. Nayataja haya kwa makusudi. Miaka sita kwa hadithi moja! Mimi nikikaa na sura ya pili ya riwaya yangu miezi miwili naanza kuamini nimerogwa.

Hadithi ni hii. Asteroidi moja iliyopewa jina la Attila inaelekea kuigonga dunia. Wanaanga watano wanatumwa kwenda kuitegea milipuko ya nyuklia ili waisukume itoke kwenye njia yake. Wanafanikiwa. Sasa badala ya kurudi nyumbani wakapokewe kwa ngoma, wanaingia kuichunguza, na huko ndani wanagundua kwamba jiwe lile limetengenezwa na mikono ya viumbe wengine. Watatu kati yao wananaswa humo na kubebwa hadi sayari ya mbali kabisa: Boston Low, ambaye ni kamanda, Maggie Robbins, mwandishi wa habari aliye pia hodari wa lugha, na Ludger Brink, mwanasayansi Mjerumani. Wanakuta majengo, milango, mashine na makaburi. Wenyewe hawapo. Kutoka hapo wewe mchezaji ndiye Low. Unatembea, unaokota hiki na kile, unatia mkobani, unajaribu kitu hiki kwenye mlango ule. Hakuna bunduki wala mbio. Ni mafumbo matupu, na ukimya ambao nusura unisinzishe siku ya kwanza.

Mshikaji wangu mmoja ni fundi wa kompyuta, ana kibanda chake pale mtaani kwetu. Katika mashine yake kuukuu ameweka programu inayoitwa ScummVM, inayowezesha michezo ya siku zile kuchezwa kwenye kompyuta za sasa, hata kwenye simu. Basi akifunga kazi saa tatu usiku ananiachia kiti, yeye analala kwenye benchi, mimi nahangaika na sayari yangu mpaka usiku wa manane. Picha ya mchezo ule ni vidoto 320 kwa 200. Piga hesabu, ni vidoto 64,000 tu kwa kioo kizima, wakati simu ya kawaida ya leo inazo zaidi ya milioni mbili. Ukiacha vipande vya katuni vinavyoingia hapa na pale, uso wa Maggie akisimama mbali ni vidoto vichache, huoni jicho wala mdomo. Unasikia sauti tu, na sauti ya Low ni ya Robert Patrick, yule askari wa chuma anayeyeyuka katika Terminator 2. Na bado, nawaapia, vidoto vile vilipokufa mimi niliumia.

Wa kwanza kufa ni Brink. Ardhi inamporomokea, anatumbukia, basi. Halafu Low anapata fuwele fulani, mawe kama vioo yanayotoa mwanga wa kijani. Unamgusisha maiti ile fuwele, na Brink anafumbua macho. Nilipiga kofi meza mpaka mshikaji akashtuka usingizini akidhani kumeingia mwizi. Nani asingefurahi?

Baadaye unakuta mifupa ya mnyama kama kasa imetawanyika. Unatakiwa uipange mfupa kwa mfupa, kwa kufuata mfano wa mnyama aliyegeuka jiwe mahali pengine, halafu umtie fuwele. Fumbo hili lina sifa mbaya duniani kote kwa ugumu wake, na mimi lilinila usiku mbili. Kasa anafufuka, anaingia majini, na hapo hapo analiwa na dude la baharini. Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Unampanga tena mifupa yake, safari hii unamtegea bomu tumboni, unamfufua, anakwenda kuliwa mara ya pili ili lile dude life na njia yako ifunguke. Wakati ule nilicheka. Sikujiuliza hata kidogo kasa yule alirudishwa kwa faida ya nani.

Brink naye anabadilika. Yale mawe yanamshika kama gongo inavyomshika mtu. Anayaficha, anayagombania, hana habari tena na kurudi nyumbani, na mwishowe anakufa tena. Maggie yote hayo anayaona. Zaidi ya kuona, anajifunza lugha ya wale waliotoweka na kusoma habari zao: kwamba walivumbua fuwele hizo, wakawa hawafi, na kutokufa kwenyewe kusiwatosheleze, wakatafuta mlango wa kuingia ulimwengu mwingine kabisa, wakaingia wote, na njia ya kurudi wakaikosa. Ndipo anamgeukia Low na kumwambia kwamba yeye akifa, asimguse na mawe yale. Anataka ahadi. Low anaahidi, maana yake ni mimi niliyeahidi, maana Low ni mimi.

Karibu na mwisho Maggie anakufa akihangaika kuiwasha ile mashine kubwa inayofungua mlango wa ule ulimwengu mwingine. Amelala pale chini, vidoto vyake vichache vimetulia. Nawe mkobani unazo fuwele.

Hapa, msomaji wangu, ndipo naomba tukae kidogo. Michezo ya namna hii inamfundisha mchezaji sheria moja tangu dakika ya kwanza, kwamba kitu kilichomo mkobani lazima kina kazi. Umeokota koleo, kuna pa kuchimba. Ukifika mwisho na kitu hujakitumia unajua umekosea mahali. Kwa saa nyingi mkono wangu ulikuwa umezoezwa hivyo, ukikwama fungua mkoba, jaribu. Mchezo ukanifikisha mahali ambapo pengine jambo la haki ni kuuacha mkoba ufungwe, na hakuna aliyeufundisha mkono wangu kuacha. Sikufikiri. Sikujiuliza ahadi ni nini. Nilifungua mkoba, nikachukua fuwele, nikambofya Maggie.

Aliamka. Hakushukuru. Aliona mara moja nilichomfanyia, na uhai ule niliompa hakuukubali.

Nilizima kompyuta nikatoka nje. Mshikaji aliniuliza kulikoni, nikamwambia moshi wa dawa ya mbu umeniingia machoni.

Sasa niseme lililonitoa nje. Mwaka 2019 nilikaa na babu yangu Muheza, mimi na yeye tu, katika nyumba iliyozungukwa na michungwa aliyoipanda mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, kwa hiyo ukoo ukaona mtu wa kumtunza mzee amepatikana. Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, usiku hakuweza kulala chali, alilala ameketi na mito mgongoni. Nimepewa jina lake, kwa hiyo hakuwahi kuniita kwa jina wala mjukuu, aliniita wajina. Wajina, niletee maji. Wajina, nani kapita?

Jioni moja aliniambia hivi: "Wajina, bibi yako nilikaa naye wodini wiki tatu, mirija puani, mirija mkononi, mpaka akawa hanijui. Mimi nataka niondokee hapa hapa. Usiku wangu ukifika usimwite mtu. Nishike mkono tu. Niahidi."

Nikaahidi. Nilikuwa na miaka ishirini, ningesema nini?

Usiku ulifika. Ilikuwa kama saa nane. Pumzi ilikuwa inakwenda kama msumeno, macho yamemtoka, ananiangalia. Nikamshika mkono kama alivyotaka. Simu ilikuwa mfukoni. Mko nami? Simu ilikuwa mfukoni, na ilikuwa na salio. Sijui nilivumilia dakika ngapi, mimi naona zilikuwa nyingi, labda zilikuwa tano. Nikauachia ule mkono, nikatoka ukumbini, nikampigia baba mdogo. Baada ya nusu saa pikapu ilikuwa mlangoni.

Babu aliishi siku kumi na moja zaidi, hospitali, na mirija. Hakunigombeza hata siku moja. Ila kwa siku zote kumi na moja hakuniita wajina. Aliniita "wewe kijana", kama anavyoitwa mtu baki anayepita njiani.

Hadithi ingekuwa inaishia hapo, ningejua nilipo. Ningesema nilivunja ahadi, nilikosa, yamekwisha. Lakini siku ya nne alikuja shangazi kutoka Tanga. Yeye na baba yake walikuwa hawasemezani miaka mitano, kwa sababu ya kipande cha shamba kilichouzwa. Aliingia wodini na kikapu, akasimama miguuni pa kitanda asijue aanzie wapi. Babu akainua mkono ule wenye sindano, akamwonyesha kiti. Nikawapisha. Niliporudi alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko na wote wawili wanacheka, sijui wanacheka nini. Msibani shangazi alinishika mabega mbele ya watu, akasema, "Mungu akubariki mwanangu, bila wewe ningemzika baba yangu na kinyongo." Wazee wakaitikia amina. Mimi nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu.

Nilipomsimulia mshikaji mambo haya, na ndiye mtu wa kwanza niliyemsimulia, aliniambia najitesa bure. Hoja yake ni kwamba ahadi ya mgonjwa si ahadi. Mtu mwenye maumivu husema lolote, kesho akipata nafuu anakuona mwendawazimu uliyemsikiliza. Pia, anasema, huwezi kumwomba kijana wa miaka ishirini akae gizani akiangalia mtu anakata roho, huo ni mzigo usio halali, na mzigo usio halali unaruhusiwa kuutua. Hoja ya pili nakubaliana nayo nusu. Ile ya kwanza naikataa kabisa, na aliyenisaidia kuikataa ni Maggie. Yeye hakusema vile akiwa na homa. Alisema akiwa mzima, baada ya kumwona Brink, baada ya kusoma. Na Babu naye alikuwa na Brink wake, alikaa pembeni ya kitanda cha Brink huyo wiki tatu. Kama kuna mtu aliyejua anachokataa, ni yeye.

Liko jambo jingine linalonisumbua kuhusu ahadi za namna hii. Ahadi ya kawaida ina mlango wa nyuma. Nimekuahidi kukulipa Ijumaa, Alhamisi nakuja nakwambia, ndugu yangu mambo yameharibika, nifungue. Unanifungua au unakataa, lakini upo, nina wa kumwendea. Anayekufa anaondoka na ufunguo. Wengine husema ndiyo maana ahadi hiyo haina nguvu, kwa kuwa hakuna wa kukudai. Mimi naona ni kinyume chake. Ya aliye hai naweza kuivunja kisha tukasameheana. Babu nilikuwa na siku kumi na moja za kumwomba radhi, sikuzitumia hata moja. Nilimletea chungwa, nikamletea redio, nikamnyoa ndevu.

Na nilimrudisha kwa ajili ya nani? Hapa mtu akisema nilifanya kwa upendo namshukuru, lakini mimi ndiye niliyekuwa pale. Niliyekuwa namwokoa usiku ule ni mimi mwenyewe. Nilitaka awepo mtu mwingine chumbani, taa iwake, gari lingurume, nisiwe peke yangu na pumzi ile. Hata Maggie, niliambofya kwa sababu sikuweza kuuvumilia ukimya wa sayari nzima bila sauti yake. Halafu, baada ya tendo, faida zikajitokeza. Shangazi akapata baba yake. Ukoo ukapata jambo la kushukuru. Namfikiria yule kasa. Kumpanga mtu mfupa kwa mfupa, kumtia pumzi, ili njia ya wengine ifunguke. Je, kucheka kule kwa Babu na binti yake kulikuwa kwake pia, au kulikuwa kwetu tu? Alicheka, nilimsikia kwa masikio yangu. Huwezi kumlazimisha mtu acheke. Lakini pia hakuniita wajina.

Nilirudi kibandani baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimehifadhi mchezo mahali kabla ya kifo cha Maggie, nikaufungua pale pale. Safari hii nilimwacha. Nilisimama naye muda mrefu kuliko ilivyohitajika, Low amesimama, Maggie amelala, muziki unavuma chini chini, kisha nikaenda kwenye ule mlango na kuingia. Na unajua waliotunga hadithi walifanya nini? Wale viumbe waliopotea wanapata njia ya kurudi, na kwa furaha yao wanamrudisha Maggie, mzima, bila fuwele. Tena wanamrudisha vyovyote vile, uwe umetimiza ahadi au umeivunja.

Nilikasirika jamani. Kama mwandishi mtarajiwa nasema huo ni woga. Umemleta mchezaji mpaka kwenye ukingo, umempa uamuzi wa kweli, kisha chini ya ukingo umemtandikia godoro. Najua watu walitaka mwisho mwema, na kampuni inataka kuuza. Lakini nilipomwacha pale chini nililipa kitu, na sikutaka kurudishiwa chenji. Mshikaji akanicheka, akasema wewe ndiye mtu wa kwanza kulalamika kwamba mtu hakufa.

Nimejiuliza kama usiku ule ungerudi, mimi wa leo ningefanyaje. Nikiwa mezani na kalamu najibu haraka, ningekaa, ningemshika mkono. Halafu namkumbuka shangazi na kijiko cha uji na jibu linaninywea. Tena najua mkono wangu. Mkono ule uliokwenda kwenye fuwele bila kuniuliza ndio ule ule uliokwenda kwenye simu.

Shangazi yangu husoma kila ninachoandika, husoma kwa miwani ya marehemu mumewe, kisha hupiga simu kuniuliza kwa nini wahusika wangu hawaendi kanisani. Habari ya ahadi haijui. Kwa miaka yote hii amekuwa akinitambulisha kwa wageni kama kijana aliyemwongezea mzee siku. Nimemwomba mhariri aniwekee nakala moja kabla ya zile za kuuza. Jumamosi nitapanda basi la Tanga niipeleke mwenyewe, nikae pale kibarazani wakati anasoma, na simu nitaiacha Dar.